Neno Kupunga na Ngoma za Pepo katika Unguja

Mwalimu atokaye bara, asikiapo mara ya kwanza katika Unguja kwamba fulani amekwenda kupungwa pepo, hudhani maana yake ni pepo kufukuzwa kwa makelele. Sivyo. Mtu wa Unguja hupunga mkono amwagapo msafiri, na jioni huenda Forodhani kupunga upepo, wala hafukuzi kitu. Kupunga ni kwenda huku na huku kwa mwendo mmoja, na tunda lake ni kuburudika. (Mwanafunzi wa lugha atashawishika kulivuta neno hili mpaka kupungua. Asilivute, tulilo nalo latosha.) Wafasiri wa Biblia ya mwaka 1952, walipoieleza kazi ya Bwana wetu, waliandika kutoa pepo. Walifanya vyema, kwa kuwa hayo ni mambo mawili, na asiyeyatenga atawahukumu watu kwa jambo wasilolitenda.

Katika kilinge mgonjwa huitwa mteja, na pepo akishampanda kichwani, yeye ni kiti chake. Fundi hapigi ngoma yo yote ipatikanayo. Kila kabila la pepo lina mlio wake, nyimbo zake, nguo zake na chakula chake, na mlio usiokuwa wake haumtikisi. Wa kibuki, ambao asili yao ni Bukini, yaani Madagascar, huitwa kwa akodiani na manyanga, nao hudai brandi, hata mwenye kiti awe Mwislamu asiyeigusa maisha yake yote. Wa rubamba ni wa Pemba. Wa kihabeshia wana lugha na adabu za Uhabeshi, walikotoka masuria wengi wa majumba ya masultani. Na wako masheitani wa ruhani, ambao ni Waarabu na wacha Mungu, wapendao udi na uvumba.

Tuyatazamapo majina haya twaona kwamba ni daftari la watu walioletwa mjini, wengine kwa biashara, wengine kwa minyororo. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mwaka ule ule msingi wa kanisa ukawekwa Mkunazini, mahali pale pale. Soko likaondoka, milio ya waliouzwa ikabaki majumbani.

Habari za mambo haya si ngeni katika vitabu. Binti Sultani Salme, aliyeitwa baadaye Emily Ruete, alieleza habari za waliopagawa katika kumbukumbu zake za mwaka 1886. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa pwani ya Bagamoyo alizieleza ngoma za pepo katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa na Velten mwaka 1903. Mwaka 1936 Koritschoner aliandika juu ya ngoma ya sheitani, naye aliitaja wazi kuwa ni matibabu ya maradhi ya roho.

Je, mlio humtulizaje mtu? Hapa yafaa kusema taratibu, maana ngoma haitulizi mara moja. Kwanza humchafua mgonjwa: hutetemeka, hulia, huanguka. Baada ya hayo ndipo mwili hulegea. Zikri ya Kadiria, ambayo Sheikh Uways wa Barawa aliieneza Unguja zama za Sayyid Barghash, yafanana nayo kwa kiasi: safu ya watu, pumzi moja, miili ikiyumba pamoja, kisha kimya.

Iko njia nyingine, ya kushusha tangu mwanzo, na hiyo tunayo sisi wenyewe. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake walitangaza katika jarida la BMJ la Uingereza kwamba mtu akisoma Salamu Maria ya rozari kwa Kilatini, pumzi zake hushuka zikawa kama 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo hufuatana nazo kwa utaratibu mwema. Na Daudi alipompigia Sauli kinubi, Sauli aliburudika. Wala hatusomi kwamba yule roho hakurudi tena. Alirudi, na kinubi kikashikwa tena.

Ngoma za Unguja ni hivyo hivyo. Pepo hulizwa jina lake na haja yake, hupewa chano chake, hufanyiwa mapatano, naye hubaki na kiti chake. Gharama yake si ndogo, na nyumba maskini huingia deni kwa ajili yake. Tena mwenye kifafa akicheleweshwa kilingeni asipate dawa, aweza kuanguka motoni au kisimani; huyo apelekwe kwa daktari siku ile ile, na mwenye wazimu apelekwe Kidongo Chekundu. Lakini mwanamke aliyefiwa, asiyelala, ambaye hakuna aliyemwuliza habari yake tangu matanga kuondoka, hupata kilingeni usiku mzima wa watu wanaomwimbia yeye. Akiulizwa na mwalimu alifuata nini kule, hasemi alikwenda kutolewa kitu. Husema: nalikwenda nikatulia.