Mazao ya kigeni yaliingia China kwa mlango wa maskini

Mwaka 1012 mfalme Zhenzong wa nasaba ya Song aliagiza vipimo 30,000 vya mbegu za mpunga wa Champa, nchi iliyokuwa katika Vietnam ya leo, vigawiwe majimbo yaliyopigwa na ukame. Wanaowapa watawala sifa zote za mazao ya kigeni huanzia hapo, nami naona wanaanzia mahali pasipofaa. Mbegu zile zilichukuliwa Fujian, ambako wakulima walikwisha kuzizoea kwa kuwa zinawahi kukomaa na kustahimili jua. Serikali ilisambaza kilichokwisha kujaribiwa shambani. Karibu karne sita baadaye, Fujian hiyohiyo yenye milima mingi na mabonde haba ilipokea viazi vitamu. Mfanyabiashara Chen Zhenlong alirudi na marando kutoka Luzon, Ufilipino, mwaka 1593. Inasimuliwa kuwa aliyasokota ndani ya kamba za merikebu ili yasikamatwe. Mwaka uliofuata njaa ilipoingia, gavana Jin Xuezeng akaamuru vipandwe. Amri ilisaidia, ila isingefua dafu kama kiazi kisingekubali mchanga na miteremko iliyoushinda mpunga. Tena nyumba yenye njaa haikulazimika kutunza nafaka ya mbegu: ilitosha kukata marando na kuyachomeka kwenye tuta. Mahindi nayo yalipanda milima, kwa gharama kubwa. Karne ya 18 miteremko iliyofyekwa ilimomonyoka, udongo ukafukia majaruba ya mabondeni.

Ushahidi ulio mzito zaidi ni pilipili. Gao Lian wa Hangzhou aliiandika mwaka 1591: maua meupe, tunda jekundu la kupendeza macho. Ukali wake aliutaja pia, lakini kwake ulikuwa mmea wa bustani. Kama ukaribu na bandari ndio ungeamua, watu wa pwani wangetangulia kuila. Badala yake, habari za mapema za pilipili kuwa chakula cha kila siku zinatoka Guizhou, jimbo la milimani lisilogusa bahari, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1720 iliandikwa kwamba wenyeji wa Sizhou waliitumia badala ya chumvi. Guizhou haikuwa na chumvi yake, na iliyofika kutoka mbali ilikuwa ghali mno. Mtu atasema pilipili haiwezi kuwa chumvi, na mwili unaihitaji chumvi. Ni kweli. Lakini mwenye chakula kikavu, tena cha chapwa, anatafuta kitu cha kuteremshia tonge, na pilipili huota uani bila kununuliwa. Wengine husema ni unyevunyevu wa hewa uliowafunza watu kuila. Hoja hiyo inakwama Guangdong, penye joto na unyevu tele, ambako mapishi hayana pilipili nyingi hadi leo. Huko chumvi ya bahari ilikuwa karibu. Kutoka milimani pilipili ilienea Hunan na Sichuan, na mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa ikilimwa huko kama mboga. Matajiri wa mijini ndio waliochelewa kuipa nafasi mezani.