Ukoga wa bakteria kwenye mipira ya hospitali: kwa nini homa inarudi dawa zikiisha

Hivi umewahi kuuguza mtu, akamaliza dozi yote ya antibiotiki, homa ikashuka, mkamshukuru Mungu, halafu siku chache baadaye homa ikarudi palepale? Wengi wetu hapo tunasema dawa ni feki, au mgonjwa kachezewa. Dawa feki zipo, sikatai. Lakini kama mgonjwa ana mpira wa mkojo, kanula mkononi, chuma mguuni au kifaa chochote kilichobaki ndani ya mwili, kuna mshukiwa mwingine wa kuangalia. Wataalamu wanamwita bayofilamu. Mimi hapa nitamwita ukoga, maana ni ndugu wa ukoga wa meno.

Mimi si daktari. Ila nimezisoma tafiti za jambo hili na nimeona niziweke hapa kwa Kiswahili, ili hata aliyebakiza dakika kumi za kompyuta aondoke na kitu.

UKOGA NI NINI HASA?

Pitisha ulimi kwenye meno asubuhi kabla hujapiga mswaki. Ule utando ndio wenyewe. Ule utelezi wa ndani ya ndoo ya maji isiyosuguliwa nao ni wa ukoo huohuo. Bakteria anayeelea peke yake ni mnyonge. Akipata pa kujishikiza, anazaana, na kundi zima linatoa ute wenye sukari, protini na vinasaba. Ute ule unawafunika wote kama paa.

Habari hii si mpya. Mwaka 1683 Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, alichokonoa ukoga wa meno, akauweka chini ya lenzi alizozitengeneza mwenyewe, akaona vijidudu vinatembea. Baadaye akajaribu siki. Siki iliua vijidudu vya nje tu, vya ndani ya ukoga vikabaki hai. Zaidi ya miaka 300 imepita, na madaktari bado wanahangaika na kitu kilekile.

KWA NINI UNAPENDA VIFAA VYA HOSPITALI?

Mwili una askari wake, yaani chembe nyeupe za damu. Lakini plastiki, silikoni na chuma havina damu inayopita ndani yake. Kifaa kikiingia mwilini kinavishwa protini za mgonjwa mwenyewe mara moja, na bakteria kutoka kwenye ngozi yake, au kwenye mikono ya mhudumu, wanapata pa kushika.

Mwaka 1957 watafiti wawili wa Uingereza, Elek na Conen, walipima jambo hili kwa watu waliojitolea. Ili ngozi ya kawaida itunge usaha, walihitaji kuingiza mamilioni ya bakteria aina ya stafilokokasi. Walipoweka uzi wa kushonea kidonda, mamia machache tu yalitosha. Uzi tu! Sasa fikiria mpira uliokaa kwenye mshipa wiki mbili.

KWA NINI DAWA INASHINDWA?

Sababu kubwa ni tatu. Kwanza, ute unachelewesha baadhi ya dawa na unawazuia askari wa mwili wasimeze bakteria. Pili, waliomo ndani kabisa wanapata chakula na hewa kidogo, kwa hiyo wanakua polepole mno. Antibiotiki nyingi zinaua bakteria anayekua na kugawanyika, aliyelala zinampita. Tatu, wapo wachache wanaojizima kabisa, na dawa ikiisha wanaamka na kuanza ujenzi upya.

Watafiti wa Calgary, Kanada, walitengeneza kifaa cha kupimia dawa dhidi ya ukoga na kutoa matokeo mwaka 1999. Kuna dawa ambazo zilihitaji kuongezwa mara 100 hadi 1,000 ili kuua bakteria walewale wakiwa kwenye ukoga. Dozi kama hiyo huwezi kumpa binadamu.

Kumbuka, huu si usugu wa kawaida. Bakteria huyohuyo ukimtoa kwenye ukoga anaweza kufa kwa dozi ya kawaida. Ndiyo maana majibu ya maabara yanaweza kusema "dawa hii inamuua", na mgonjwa bado asipone.

MGONJWA WA KANADA

Kisa kilichowafungua macho wengi kilichapishwa mwaka 1982 na Thomas Marrie, J. William Costerton na mwenzao. Mgonjwa alikuwa na kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo. Stafilokokasi waliingia kwenye damu yake, akapewa antibiotiki kwa dozi kubwa, na bado maambukizi yakarudi. Waya wa kifaa ulipotolewa na kuwekwa chini ya hadubini ya elektroni, bakteria walionekana wamelala tabaka kwa tabaka ndani ya ute wao. Dawa ilikuwa inasafisha damu, lakini kiota kiko palepale.

MPIRA WA MKOJO

Hapa ndipo wengi wetu tunakutana na ukoga. Kwa kila siku mpira unayobaki kwenye kibofu, uwezekano wa bakteria kuonekana kwenye mkojo unaongezeka kwa asilimia 3 hadi 7. Mpira ukifika mwezi mmoja, karibu kila mgonjwa anao. Si wote wanaougua, lakini kwa wengine bakteria wanapanda kwenye figo, wengine wanaingia kwenye damu, na hapo mambo yanakuwa mazito.

Yuko mmoja anaitwa Proteus mirabilis. Huyu anavunja urea ya kwenye mkojo na kutoa amonia, mkojo unapoteza asidi yake, chumvi zinaganda kuwa mawe madogo ndani ya mpira. Mpira unaziba, mkojo unarudi nyuma. Ukiona mfuko haujai wakati mgonjwa anakunywa maji, na tumbo la chini linamuuma, usisubiri daktari wa asubuhi. Ita mhudumu hapohapo.

Watu walidhani teknolojia itatuokoa, wakapaka mipira madini ya fedha. Mwaka 2012 yakatoka matokeo ya utafiti wa hospitali 24 za Uingereza, wagonjwa zaidi ya 7,000 waliowekewa mpira kwa muda mfupi. Waliopata maambukizi kwa mpira wa kawaida ni asilimia 12.6. Kwa mpira wa fedha, asilimia 12.5. Yaani ni kama hakuna tofauti.

MPIRA WA KWENYE MSHIPA MKUBWA

Habari njema ipo, tena haikutoka kwenye dawa mpya. Huko Michigan, Marekani, Peter Pronovost na wenzake walizipa ICU 103 mambo matano ya kufuata wakati wa kuweka mpira kwenye mshipa mkubwa: nawa mikono, vaa kofia, maski, gauni na glovu safi na mfunike mgonjwa kwa shuka lililotakaswa, safisha ngozi kwa klorheksidini, epuka mshipa wa kinena, na toa mpira usiohitajika. Anayeruka hatua alisimamishwa, hata kama ni daktari, isipokuwa wakati wa dharura.

Matokeo yalitoka mwaka 2006. Wastani wa maambukizi ya damu ulishuka kutoka 7.7 hadi 1.4 kwa kila siku 1,000 za mpira, ndani ya mwaka mmoja na nusu. Sabuni, nidhamu, na mtu wa kusema "subiri, umeruka hatua".

CHUMA KIKIPATA UKOGA

Mpira unatolewa kirahisi. Chuma kilichoshika mfupa uliovunjika je? Mwaka 1998 Werner Zimmerli na wenzake wa Uswisi walichukua wagonjwa 33 ambao vyuma vyao vilikuwa bado imara na maambukizi ni mapya. Walisafishwa kidonda kwa upasuaji bila kuondoa chuma, kisha wengine wakapewa sipro pamoja na rifampisini, wengine sipro bila rifampisini. Kati ya waliomaliza matibabu, wa rifampisini walipona 12 kati ya 12. Wenzao walipona 7 kati ya 12.

Ndiyo, rifampisini hiyohiyo ya kifua kikuu. Lakini tafadhali usikimbilie duka la dawa! Ikitumika peke yake bakteria wanaizoea haraka sana, na tukiipoteza hiyo wagonjwa wa TB nao wataumia. Ni dawa ya kupangiwa na daktari.

SISI TUNAOUGUZA TUFANYE NINI?

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 kwamba kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati wanapata angalau ambukizo moja hospitalini. Sisi tuko kwenye kundi la 15. Kwa hiyo:

1. Uliza kila siku, kwa heshima: "Samahani sista, mpira huu bado anauhitaji?" Swali hili ni muhimu kuliko yote niliyoandika hapa. Mara nyingine mpira unabaki kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka kuutoa.

2. Usiuvute mwenyewe. Ndani ya kibofu kuna puto lililojazwa maji, ukivuta unachana njia ya mkojo. Atoe mhudumu.

3. Mfuko wa mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu, lakini usilale sakafuni. Nimeshaona mifuko mingi imelazwa chini na watu wanairuka kama vizingiti.

4. Nawa kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa. Usichomoe maungio ya mpira "kuuzibua".

5. Kanula ikiuma, ikivimba au ngozi ikiwa nyekundu, sema mapema.

6. Homa ikirudi baada ya dozi, mkumbushe daktari vifaa vyote vilivyomo mwilini, hata chuma cha miaka mitatu iliyopita.

Najua wodini manesi ni wachache na wagonjwa ni wengi, glovu zenyewe wakati mwingine tunatumwa kununua. Silaumu mtu. Lakini swali la namba moja ni bure, halihitaji bajeti wala mfadhili.

Wauguzi na madaktari mliomo humu, naomba mtupe uzoefu kwenye maoni: wodini kwenu nani ana kazi ya kukagua mipira kila asubuhi? Na wewe uliyewahi kuuliza, ulijibiwaje?