Saratani ya utumbo ikifika kwenye ini: Alama tano za kukadiria matokeo ya upasuaji

SARATANI ya utumbo mpana inapoenea mwilini, mara nyingi kiungo kinachovamiwa kwanza ni ini. Damu nyingi itokayo kwenye utumbo hupitia humo kabla ya kurejea moyoni, na seli za saratani husafiri nayo.

Zamani hali hiyo ilihesabiwa kuwa mwisho wa matumaini. Siku hizi, iwapo uvimbe wote unaweza kuondolewa, mgonjwa hufanyiwa upasuaji, na baadhi hupona kabisa. Hili linawezekana kwa kuwa ini hukua tena. Mtu ambaye ini lake ni zima anaweza kuishi hata akibakishiwa takriban robo yake tu.

Hata hivyo, upasuaji huo ni mzito na kwa wagonjwa wengi saratani hurejea. Ndiposa madaktari wakatafuta njia ya kukadiria mapema ni nani atakayefaidika zaidi.

Mfano unaojulikana sana ulichapishwa mwaka wa 1999 na Dkt Yuman Fong na wenzake wa hospitali ya saratani ya Memorial Sloan-Kettering, jijini New York, Marekani. Walichunguza rekodi za wagonjwa 1,001 waliopasuliwa kati ya 1985 na 1998. Kwa jumla, asilimia 37 walikuwa hai baada ya miaka mitano, na asilimia 22 baada ya miaka kumi. Takriban watatu kati ya kila 100 walifariki kutokana na upasuaji wenyewe.

Watafiti hao waliteua mambo matano ambayo daktari anaweza kuyajua kabla ya kushika kisu. Kila moja huhesabiwa alama moja:

- Saratani ya utumbo ilikuwa imeingia kwenye tezi za limfu.

- Uvimbe wa ini ulionekana kabla ya miezi 12 kupita tangu saratani ya utumbo ilipogunduliwa.

- Kuna zaidi ya uvimbe mmoja kwenye ini.

- Uvimbe mkubwa zaidi unapita sentimita 5.

- Kiwango cha CEA, protini inayotolewa na seli za saratani na kupimwa katika damu, kinazidi nanogramu 200 kwa mililita.

Miongoni mwa wagonjwa wasiokuwa na alama yoyote, asilimia 60 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Waliokuwa na alama zote tano walikuwa asilimia 14. Wenye alama mbili au pungufu walitarajiwa kufanya vyema, ilhali waliozidi hapo walionekana kuhitaji tiba nyingine pamoja na upasuaji.

Kipimo hiki kina mipaka yake. Kilitokana na wagonjwa waliotibiwa kabla ya dawa kama oksaliplatini na irinotekani kuenea. Aidha, hakisemi lolote kuhusu jeni, na sasa inajulikana kwamba mabadiliko katika jeni za KRAS na BRAF huashiria hatari kubwa zaidi. Vipimo vilivyobuniwa baadaye, kikiwemo kimoja cha mwaka wa 2018, vimejumuisha KRAS. Tena kuna jambo linalojulikana baada ya upasuaji tu: iwapo kingo za sehemu iliyokatwa zimesalia bila seli za saratani.

Muhimu zaidi, alama hizi huzungumzia kundi, wala si mtu binafsi. Haziwezi kumwambia mgonjwa mmoja kama yumo miongoni mwa wale 14 au wale 86. Kwa hivyo alama nyingi pekee si sababu ya kumnyima mtu upasuaji. Kazi yake ni kumsaidia daktari kuamua kama dawa zitangulie kisu, na kumwezesha mgonjwa kukubali au kukataa akiwa amearifiwa. Baada ya hapo, kupima CEA na kupigwa picha za ini mara kwa mara ni lazima, kwani saratani iliyorejea ikigunduliwa mapema, wakati mwingine huweza kukatwa tena.