Kambi na vibanda vya msituni (kusini-mashariki mwa Alaska)

Kambi na vibanda vya msituni vya kusini-mashariki mwa Alaska ni malazi ya bei nafuu yanayotunzwa na serikali ya Marekani, hasa ndani ya Msitu wa Taifa wa Tongass. Msitu huo una takriban kilomita za mraba 68,000. Rwanda na Burundi zikiunganishwa hazifikii eneo hilo. Umeenea juu ya visiwa zaidi ya 1,000 na ukanda mwembamba wa bara unaopakana na Kanada, na ulitangazwa kuwa msitu wa taifa mwaka 1907, wakati wa Rais Theodore Roosevelt. Nchi yenyewe ni ya Watlingit na Wahaida tangu enzi, na hata jina la Tongass limetoka kwa kundi mojawapo la Watlingit.

Barabara ni chache mno. Juneau, mji mkuu wa jimbo, haufikiki kwa gari kutoka mji mwingine wowote: mtu huingia kwa ndege au kwa chombo cha majini. Tangu 1963 feri za jimbo huunganisha miji ya pwani, na abiria wasiotaka kulipia chumba hupiga hema juu ya sitaha, wakizibandika kamba zake kwenye sakafu ya chuma kwa utepe wa gundi ili upepo usizichukue. Kwa wengi huo ndio usiku wa kwanza wa kambi, kabla hata hawajakanyaga msitu.

Kwa sababu hiyo, anayechagua pa kulala huku hufanya vibaya akianza na picha ya ziwa na mlima. Mandhari ni nzuri karibu kila mahali. Cha kuuliza kwanza ni njia ya kufika, na cha pili, kinachosahaulika zaidi, ni njia ya kuondoka.

Tongass ina vibanda zaidi ya 140 vya kukodisha. Vichache viko mwisho wa njia za miguu zinazoanzia mjini. Cha John Muir karibu na Juneau na cha Dan Moller katika kisiwa cha Douglas hufikiwa kwa mwendo wa saa chache, na hufaa kwa anayejaribu mara ya kwanza, kwani mambo yakiharibika atarudi kwa miguu yake. Vingi vilivyobaki hutaka boti au ndege ndogo inayotua majini, mara nyingi de Havilland Beaver, chombo kilichoundwa Kanada kati ya 1947 na 1967 na ambacho bado ni kama daladala ya visiwa hivi. Ada ya kibanda kwa usiku ni ndogo ukilinganisha na nauli ya kukodi ndege hiyo, inayohesabiwa kwa mamia ya dola. Sheria ya ardhi ya Alaska ya mwaka 1980, iliyoyapa maeneo makubwa ya Tongass hadhi ya nyika isiyoguswa, iliruhusu ndege na boti za injini ziendelee kuingia humo, jambo lisilo la kawaida katika nyika za majimbo mengine ya Marekani.

Rubani wa Beaver huruka kwa macho. Ukungu ukishuka hadi vilele vya misonobari, haji. Ukidumu siku mbili, haji siku mbili. Wenyeji hubeba chakula cha siku mbili au tatu zaidi ya walizopanga, na hawapangi safari ya kurudi nyumbani siku ileile wanayotarajia kuchukuliwa kibandani.

Kwa wanaokwenda kwa boti, mwenye amri ni bahari. Msomaji wa Lamu au Kilwa anayejua bamvua na maji mafu ataelewa upesi, ila vipimo vimezidi: pwani ya Afrika Mashariki bamvua hupandisha na kushusha maji kwa takriban mita 4, na katika ghuba ya Glacier Bay tofauti hiyo huweza kufika mita 7.6. Ufukwe unaoonekana mwembamba wakati maji yamejaa hugeuka uwanda wa tope na mawe yakipwa, na aliyefunga boti yake vibaya huikuta imekaa juu ya mwamba, au haikuti kabisa. Baadhi ya vibanda kwenye delta ya mto Stikine, karibu na mji wa Wrangell, hufikika wakati maji yamejaa tu. Aliyechelewa hubaki nje ya mlango wa mto akitazama paa la kibanda chake kwa mbali, akisubiri maji ya pili. Kwa hiyo jedwali la maji kujaa na kupwa husomwa kabla ya kuchagua tarehe.

Hema nalo lina sheria zake. Mstari wa mwani mkavu na magogo yaliyotupwa ufukweni huonyesha maji yaliishia wapi, lakini si lazima uwe ndio mwisho wa bamvua lijalo. Anayelala ufukweni hutafuta mahali penye majani ya nchi kavu. Kama nyasi zinazoota ni zile za kando ya bahari zinazovumilia chumvi, basi maji hupafika.

Neno «kibanda» lisimdanganye mtu akatarajia nyumba ya wageni. Ndani mna vitanda vya mbao bila godoro, meza, benchi na jiko la kupashia joto. Hamna umeme wala bomba. Choo ni cha shimo, hatua kadhaa nje. Maji huchotwa kijitoni na kuchemshwa, maana hata yanayong'aa kama kioo huweza kuwa na vimelea vya jiadia vinavyoharisha wiki nzima. Mgeni huleta mfuko wa kulalia, sufuria, taa, karatasi ya chooni na shoka zuri. Penye kibanda kando ya ziwa, mara nyingine huwekwa pia mtumbwi wa makasia.

Aina ya jiko ni jambo la kuulizia kwa makini. Baadhi ya vibanda vina jiko la kuni, vingine la mafuta, na mgeni ndiye anayekuja na mafuta yake. La kuni lina mvuto, hasa kwa anayelifikiria akiwa mjini. Lakini huu ni msitu wa mvua. Ketchikan, mji wa kusini mwa eneo hili, hupata wastani wa milimita 3,800 hivi kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya Dar es Salaam, na ni mvua ya baridi. Gogo lililolala chini limenyonya maji kama sifongo. Mtu hulipasua mara nne au tano hadi afikie kiini kilicho kikavu, kisha hukichonga vijiti vyembamba vya kuwashia, na bado moshi hutangulia moto. Kwa familia yenye watoto, kibanda cha jiko la mafuta ni chaguo la busara, ilimradi rubani aambiwe mapema kuhusu madumu hayo.

Dubu huchangia uchaguzi pia, na ramani yao ni rahisi kukumbuka. Visiwa vya Admiralty, Baranof na Chichagof vina dubu wa kahawia, wale wakubwa, na havina dubu weusi. Visiwa vya kusini, kama Prince of Wales, vina weusi tu. Bara ina wote wawili. Admiralty peke yake hukadiriwa kuwa na dubu wa kahawia wapatao 1,600. Samoni wanapopanda mito mwezi Julai na Agosti, kibanda kilicho kando ya mto kinakuwa jirani na meza ya chakula cha dubu. Kwa mpiga picha hilo ni zawadi. Kwa mwenye usingizi mwepesi, afadhali ziwa lisilo na samoni.

Utaratibu mzuri wa kuepuka ugomvi na wanyama hao uko kwenye kambi ya Bartlett Cove, ndani ya hifadhi ya Glacier Bay. Kulala ni bure, lakini kila mgeni hupewa kwanza maelekezo. Chakula hakikai hemani. Hufungiwa katika ghala dogo lililojengwa kwa ajili hiyo. Kupika hufanywa ufukweni, chini ya mstari wa maji kujaa, ili bahari ikirudi ioshe makombo na harufu.

Kambi za magari zipo karibu na miji: Starrigavan huko Sitka, Signal Creek huko Ketchikan, na ile ya ziwa Mendenhall huko Juneau, inayotazamana na barafuto. Hii ya mwisho ndiyo maarufu kuliko zote, na ina tahadhari yake. Tangu 2011 maji yanayojikusanya katika bonde la pembeni, nyuma ya barafu, yamekuwa yakifumuka wakati wa kiangazi na kufurisha ziwa na mto. Mafuriko ya Agosti 2023, 2024 na 2025 yalikuwa makubwa mno. Anayepiga hema hapo mwezi Agosti hufuatilia matangazo ya kiwango cha ziwa kila siku.

Mwezi bora? Mei na Juni huwa na mvua pungufu, na karibu na tarehe 21 Juni Juneau hupata mwanga wa jua kwa saa 18. Usubi nao huwa wameamka. Septemba na Oktoba mvua hushika kasi na mialo ya bahari ya wazi huwa hatari, kwa hiyo vibanda vinavyotazama Pasifiki, kama White Sulphur Springs katika Chichagof, ni vya kiangazi. Hicho kina chemchemi ya maji ya moto jirani, lakini bafu lake ni la umma. Aliyekodi kibanda asishangae kukuta wavuvi wameshaloweka miguu.

Nafasi huwekwa kwa mtandao wa serikali, siku 180 kabla, na vibanda vinavyopendwa hujaa mapema. Katika kila kibanda kuna daftari la wageni, lenye habari za dubu, panya, paa linalovuja na samaki waliokataa chambo. Anayeondoka hufagia, huandika mistari yake, kisha huacha ndani kuni kavu zilizopasuliwa. Anayefuata huenda akafika jioni, ameloa mpaka kwenye soksi.