Bahari Ndani ya Kioo na Maji ya Mji

Msomaji, kama umekulia katika mitaa ya Mashariki ya Nairobi, ile tuiitayo Eastlands, huenda umewahi kuingia katika nyumba ya jamaa huko Buruburu au Umoja ukakuta sebuleni tangi la kioo lenye samaki. Aghalabu samaki hao ni wa maji baridi. Lakini mara mojamoja utakuta bahari yenyewe: samaki wa rangi ya manjano na ya buluu, kamba mwenye milia, na matumbawe yanayochezesha vidole vyake ndani ya maji ya chumvi, ilhali Mombasa iko mbali kiasi cha kilomita 480. Hapana shaka utasimama ukistaajabu. Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Basi usikitazame kioo tu. Inama, ufungue mlango wa kabati lililo chini yake. Humo mna tangi la pili, lisilopambwa, lenye vyumba, mabomba na mwani. Siri ya uhai wa tangi la juu imo katika tangi la chini. Na siri hiyo hiyo, kama utakavyoona, ndiyo siri ya Kariobangi na ya Ruai.

Tuanze na shida yenyewe. Samaki hula, hupumua na hutoa taka. Baharini taka hizo hupotea katika maji mengi, nazo huliwa na viumbe wengine. Ndani ya kioo hazina pa kwenda. Humrudia samaki mwenyewe kwa sura ya amonia, sumu isiyoonekana kwa macho, na maji yaliyo maangavu kama hewa yaweza kumwua kwa siku chache. Kumbe uangavu wa maji si usafi wake. Watu walichukua miaka mingi kulijua neno hilo dogo.

Mwaka wa 1846 bibi mmoja Mwingereza, Anna Thynne, alichukua matumbawe kutoka pwani ya Torquay akayapeleka nyumbani kwake London. Maji mapya ya bahari hayakuwa rahisi kupatikana mjini. Kwa hiyo maji yale yale yalimiminwa kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, ili yapate hewa, na kazi hiyo ilifanywa na mtumishi wake wa nyumbani. Jina la bibi limo vitabuni. Lakini mikono ya mtumishi ndiyo iliyokuwa pampu. Baadaye bibi alitia mwani ndani ya maji, na viumbe wake wakaishi miaka, si siku. Mwaka wa 1850 mwanakemia Robert Warington aliwaeleza wenzake jinsi samaki, mmea na konokono walivyoweza kukaa pamoja katika chombo kimoja: samaki hutoa hewa itakiwayo na mmea, mmea hutoa oksijeni itakiwayo na samaki, na konokono hula majani yanayooza. Hapo ndipo watu walipoanza kufahamu kwamba kiumbe mmoja hawezi kuishi kiooni peke yake.

Mwaka wa 1871 lilifunguliwa tangi kubwa la maonyesho katika Crystal Palace, London. Aliyelisanifu, William Alford Lloyd, alifanya jambo ambalo mtazamaji hakuliona: chini ya sakafu, gizani, alijenga hodhi lenye maji mara kadhaa kuliko yale yaliyokuwa mbele ya watu, na pampu zikayazungusha usiku na mchana. Lloyd alifahamu kwamba anayetaka kuonyesha maji kidogo yaliyo safi hana budi kuficha maji mengi yanayofanya kazi. Hodhi lile ni babu wa tangi la chini unaloliona leo kabatini.

Lakini ni nani hasa asafishaye? Jibu halikutoka kwa wafuga samaki, bali kwa watu waliochunguza maji ya vyoo. Mwaka wa 1877, huko Ufaransa, Schloesing na Müntz walipitisha maji machafu ya mji polepole katika mchanga uliochanganywa na chokaa. Kwa muda wa siku 20 hivi hapakutokea badiliko lolote. Kisha amonia ikaanza kugeuka kuwa nitrati. Walipopuliza mvuke wa klorofomu, ambao hulaza viumbe hai, kazi ikasimama. Basi haukuwa mchanga uliosafisha, bali viumbe wadogo waliofanya makao katika mchanga. Karibu na mwaka wa 1890 Sergei Winogradsky aliwatenga bakteria hao, akaonyesha kwamba wengine huigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati isiyo na sumu kali. Hii ndiyo sababu fundi mwenye busara hatii samaki katika tangi jipya siku ya kwanza. Hungoja majuma kadhaa mpaka bakteria wahamie na wazaliane. Nyumba hujengwa kwanza, ndipo mgeni huitwa.

Sasa, wewe kijana, tuchukue karatasi na kalamu tupange tangi la chini kwa nyumba ya Eastlands. Tuseme tangi la juu lina urefu wa sentimita 120, upana wa 40 na kimo cha 45. Likijaa huchukua lita 216. Chini yake weka tangi la sentimita 90 kwa 35 kwa 40, liwezalo kuchukua lita 126. Usilijaze. Kimo cha maji kisizidi sentimita 25, yaani lita 79 hivi. Nafasi iliyobaki ni ya siku ya shida. Umeme ukikatika, pampu husimama, na maji ya juu hushuka yenyewe mpaka kwenye mdomo wa bomba. Yakishuka sentimita 3 tu, lita 14 na zaidi zimekujia chini, mbali na zile zilizomo mabombani. Asiyeacha nafasi hiyo huamkia sakafu iliyofurika.

Ligawe tangi la chini vyumba vitatu kwa vipande vya kioo. Chumba cha kwanza, cha sentimita 25, hupokea maji yashukayo. Hapo weka mfuko wa kitambaa unaonasa vipande vya taka, na chombo cha povu. Umewahi kuona povu likijikusanya ufuoni mawimbi yanapopiga? Viputo vidogo hushika mafuta na taka zilizoyeyuka, na chombo hiki hufanya vivyo hivyo, kisha humwaga uchafu katika kikombe kando. Lakini kumbuka: taka iliyonaswa na kitambaa bado imo majini. Kitambaa kisipofuliwa kila baada ya siku chache, huwa kiwanda cha sumu.

Chumba cha pili, cha sentimita 40, ndicho kipana kuliko vyote, nacho huitwa kimbilio. Humo tia mawe yenye vitundu vingi, makao ya bakteria, na shungi la mwani. Bakteria hufikisha taka kwenye nitrati, lakini nitrati ikirundikana nayo hudhuru matumbawe. Mwani huila kama mahindi yanavyokula mbolea. Ukiuvuna mwani kiganja kwa kiganja, umeitoa taka nje kabisa. Maji yapite hapa polepole, na taa ya mwani iwashwe usiku, wakati tangi la juu limelala, ili oksijeni isipungue gizani. Jambo hili lina uzito kwetu, kwa kuwa Nairobi iko juu sana na hewa yake ni nyepesi. Maji ya hapa hushika oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja katika sita kuliko maji ya pwani. Tena ndani ya kimbilio vidudu vidogo vya majini huzaliana bila kuliwa, kama samaki wachanga wajifichavyo katika mizizi ya mikoko. Chumba cha tatu, cha sentimita 25, ni cha pampu irudishayo maji juu na cha kipasha maji, kwani usiku wa Julai hapa mjini hauwafai samaki wa pwani.

Kwa maji yote hayo utahitaji kilo 10 hivi za chumvi ya bahari iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, gramu 35 kwa kila lita, na maji ya bomba yaliyoondolewa klorini. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji matupu, maana chumvi haiendi na mvuke. Uzito wote ni karibu kilo 300 kabla ya kuhesabu vioo na mawe. Kwa hiyo mwambie fundi wa jua kali akuchomee meza imara. Na katika hesabu zako zote, idadi ya samaki na ifuate uwezo wa tangi la chini, si tamaa ya macho.

Msomaji, sasa funga kabati, utoke nje, uutazame mji wako kwa macho uliyoyapata ndani.

Reli ilifika hapa mwaka wa 1899, mahali ambapo Wamaasai walipaita kwa jina la maji baridi. Mto wa Nairobi huanza katika kinamasi cha Ondiri, karibu na Kikuyu, upande wa magharibi, ukashuka kuelekea mashariki. Wakoloni walijichagulia miinuko ya magharibi. Waafrika walipewa nyanda za chini za mashariki: Pumwani katika miaka ya 1920, kisha mitaa kama Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni na Bahati. Baada ya uhuru wa 1963, katika miaka ya 1970, zikafuata Buruburu, Umoja na Dandora. Maji hayana upendeleo, hufuata mteremko. Kwa hiyo taka za wakaao juu zilishuka kwa wakaao chini. Kama Nairobi ni tangi, basi Eastlands ndiyo iliyopewa kazi ya kabati.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mji ulijenga mtambo wa kusafisha maji machafu huko Kariobangi. Humo vyuma hunasa takataka kubwa, madimbwi hutuliza matope, kisha maji hunyunyizwa juu ya vitanda vya mawe. Juu ya mawe hayo wanakaa bakteria, jamaa za wale wa Schloesing na Müntz. Mji ulipokua, mwaka wa 1980 yakafunguliwa mabwawa makubwa huko Ruai, yaitwayo kwa jina la Dandora. Hapa hapana mashine nyingi. Maji hupita bwawa baada ya bwawa kwa siku nyingi. Bakteria hula taka, mwani hutoa oksijeni mchana, jua huua vijidudu vya maradhi, na ndege wa majini hukusanyika kwa wingi hata mahali hapo pamehesabiwa miongoni mwa mahali muhimu pa ndege katika Kenya. Ni kimbilio la mji mzima. Mwisho wa safari, maji humwagwa katika mto wa Nairobi.

Utauliza: ikiwa ni hivyo, mbona mto bado unanuka? Jibu umekwisha kulijifunza kabatini. Kwanza, maji mengi machafu hayafiki kamwe kwenye mtambo. Mabomba hupasuka au huziba, na watu wengi wanaishi mahali pasipo mabomba ya maji machafu. Pili, samaki wameongezwa bila kulipanua tangi la chini. Ploti za Umoja na Dandora zilizopimwa kwa jamaa moja sasa zimebeba maghorofa, na bomba lililo chini ni lile lile. Tatu, bakteria hai hawavumilii kila kitu: mafuta ya gereji na dawa za viwanda huwadhuru kama klorofomu ilivyowadhuru wa Ufaransa. Na anayelipa ni yule aliye chini zaidi: mkulima anyweshaye sukuma wiki kwa maji ya mto, na mtoto achezaye ukingoni.

Wala mto hauishii hapo. Huingia Athi, ambao kwa majina mengine ni Galana na Sabaki, ukamwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya Malindi, karibu na matumbawe yaliyolindwa kwa sheria tangu mwaka wa 1968. Samaki wa mapambo huvuliwa katika pwani hiyo hiyo ya Kenya. Basi yule wa manjano uliyemwona sebuleni alipandishwa kutoka baharini hadi Eastlands, na maji ya Eastlands, pamoja na yote yaliyomo, yanateremka kwenda kwao.

Kwa hiyo, kijana, usiseme kamwe kwamba umetupa maji. Umeyapeleka kwa mtu. Siku moja utakuwa fundi, au diwani, au mwenye nyumba, na utaletewa ramani ya jengo zuri lenye vioo vingi. Kabla hujausifu uso wake, inama kama ulivyoinama mbele ya kabati, uulize: tangi la chini liko wapi, na nafasi iliyoachwa ni kiasi gani?