Rod Serling na Faida ya Fumbo

Rod Serling alizaliwa Syracuse, Marekani, tarehe 25 Desemba 1924. Alipigana vita Ufilipino akiwa askari wa miavuli, akarudi na majeraha ya mwili na ya moyo. Sifa yake ilianza mwaka 1955 kwa mchezo wa televisheni uitwao Patterns.

Lakini sifa haikumpa uhuru. Mwaka ule ule Emmett Till, kijana Mweusi wa miaka 14, aliuawa Mississippi, na walioshtakiwa wakaachiliwa. Serling alitaka kuusimulia uovu huo. Wafanya biashara waliolipia michezo ili watangaze bidhaa zao waliogopa kuwaudhi watu wa Kusini. Noon on Doomsday ilipoonyeshwa mwaka 1956, aliyeuawa alikwisha geuzwa mgeni asiyejulikana asili yake, na mji umehamishiwa Kaskazini. Lilibaki ganda bila kiini.

Mwaka 1959 alianzisha The Twilight Zone, akiwa mtungaji na mtayarishaji pia. Kati ya michezo 156 alitunga 92. Katika mmoja wa mwaka 1960, majirani wanashukiana hata kuuana kwa kuogopa viumbe wa sayari nyingine. Wakaguzi waliona hekaya tu. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.

Hata hivyo fumbo lina gharama yake: mwenye hatia hutazama, akacheka, akalala salama, na jina la aliyedhulumiwa halitajwi. Serling, aliyefariki tarehe 28 Juni 1975, alipata njia ya kusema. Hakupata ruhusa ya kutaja.