Ndege Mgeni Kila Mahali

Bata mzinga alifugwa Meksiko karne nyingi kabla ya Wahispania kumpeleka Ulaya mwanzoni mwa karne ya 16. Tangu hapo, kila aliyempokea alimwita mgeni. Waingereza walimnasibisha na Uturuki, Waturuki na Wafaransa na India, Wareno na Peru; Waarabu wengi humwita jogoo wa Kirumi. Hata walowezi wa Kiingereza walipomkuta kwao, katika misitu ya Amerika, hawakumbadilishia jina.

Heshima yake mezani nayo ina wajenzi wake. Katika riwaya ya Northwood ya mwaka 1827, Sarah Josepha Hale alimweka ndege huyu, ameokwa, mbele ya vyakula vyote vya Sikukuu ya Shukrani. Aliipigania sikukuu hiyo kwa miaka mingi, hadi Rais Lincoln alipoitangaza kitaifa mwaka 1863, vita vikiendelea.

Basi Mswahili anayemwoka kwa mara ya kwanza ughaibuni asijione mdandiaji. Amyeyushe barafu ndani ya jokofu, siku moja kwa kila kilo 2. Amwoke hadi ndani ya paja pafike nyuzi 74 za selisiasi. Amwache atulie kabla ya kumkata. Akimpaka ndimu, tangawizi na bizari, hakosi: wote waliompokea walimpa cha kwao.